Huyo Mama Kwenye Sarafu Ni Nani?

SWALI: Shikamoo anti. Babu yetu marehemu alikuwa baharia, sasa kwenye kopo lake la vifungo tumekuta kisarafu cha silva, upande mmoja kuna mwanamke kafunga nywele juu, imeandikwa DIVA FAVSTINA, nyuma kasimama mwanamke kashika masuke na kitu kirefu kama kijiti, imeandikwa AVGVSTA. Sonara anasema ni Bikira Maria. Kweli? Na naweza kuking'arisha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, siyo Bikira Maria. Hiyo V isome kama U, Warumi waliandika hivyo, kwa hiyo ni Faustina, mke wa kaizari Antoninus Pius. Alifariki mwaka 140 na baraza la Roma likamtangaza kuwa mungu, ndo maana ya hiyo DIVA. Mumewe alimlilia kweli, maana aliendelea kutoa sarafu zenye sura ya mkewe miaka na miaka, akamjengea hekalu ambalo nguzo zake 10 bado zimesimama Roma mpaka leo na ndani yake kuna kanisa, afu akaanzisha msaada kwa watoto wa kike maskini kwa jina la mkewe, na hao watoto nao wakachorwa kwenye sarafu. Mimi hapo ndo huwa naguswa sana.

Huyo wa nyuma ni Ceres, mungu wa kike wa nafaka, na hicho kijiti ni mwenge. Ukiona tausi miguuni basi ni Juno, ukiona tofaa mkononi ni Venus, nao ni miungu wa kike wa Warumi.

Ila angalia nywele vizuri, kwa sababu binti yake naye aliitwa Faustina, akaolewa na Marcus Aurelius, kaizari aliyefuata, na yeye pia alipokufa akaitwa DIVA. Mama misuko yake imezungushwa juu ya utosi kama kata ya kubebea ndoo, binti fundo lake liko kisogoni. Wewe umesema juu, basi huyo ni mama.

Kukisugua usithubutu! Siyo limau, siyo majivu, siyo dawa ya meno, ule weusi uache hivyohivyo. Kishike pembeni, kipime kwa mizani ya huyohuyo sonara, za namna hiyo huwa gramu 3 na kitu, afu kipeleke makumbusho wakiangalie kama ni halisi, maana za kuigiza ni nyingi mno na picha peke yake haitoshi.