Kwa mnaoanza kuuza kemikali: jela haimsubiri mpishi wa dawa peke yake

Ukiajiriwa kwenye mauzo ya kemikali utafundishwa bei, ujazo na namna ya kupanga mapipa stoo. Sheria ya jinai utaachiwa uikute mbele ya safari, na hapo ndipo wageni wa kazi hii huumia. Wengi wanadhani anayefungwa ni yule anayepika dawa za kulevya, muuza malighafi yeye ni mfanyabiashara tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, uliopitishwa Vienna, unazitaka nchi wanachama zihesabu kuwa jinai kutengeneza, kusafirisha au kusambaza kemikali bashirifu, yaani zile zinazoweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya, huku mtu akijua zinakwenda kwenye kazi hiyo. Kusafirisha kumo pia, kwa hiyo dereva naye asijione yuko pembeni.

Utasema, "Mimi sikujua." Mkataba huohuo, katika ibara ya 3, unaruhusu mahakama ipime kujua kwako kwa mazingira ya tukio, si lazima ukiri. Uingereza imekaza zaidi: kwa sheria yake ya 1990, ukishuku tu na bado ukauza, umeingia hatiani, na kifungo kinaweza kufika miaka 14. Marekani huangalia pia kama ulikuwa na sababu za kutosha za kuamini kwamba mzigo unakwenda kupikiwa dawa, na kwa kemikali za orodha yake ya kwanza adhabu hufika miaka 20. Kufumba macho, basi, si kinga.

Ugumu ni kwamba bidhaa zenyewe ni halali. Jedwali la kwanza la mkataba lina efedrini, asetiki anhidridi na potasiamu pamanganeti. La pili lina asetoni, toluini na asidi ya salfuriki. Pamanganeti husafisha maji, asetoni huondoa rangi ya kucha, toluini imo kwenye rangi za kupaka. Ukimshuku kila mnunuzi utafunga duka.

Mimi huangalia kama oda inaendana na mteja. Mwenye kiwanda cha kweli anakusumbua: anataka cheti cha ubora, analalamikia usafi wa bidhaa, anabembeleza mkopo wa siku 30. Anayenitia wasiwasi ni yule asiyeuliza chochote, bei yoyote kwake sawa, analipa keshi, halafu anataka mzigo ushushwe mahali pasipo na jina la kampuni. (Keshi peke yake haina ubaya, wateja wangu waaminifu kabisa hawana habari na benki.) Akiomba lebo zibanduliwe au madumu yabadilishwe, simamisha mauzo. Usimwambie unamshuku, mwambie oda inasubiri kibali, kisha mpe taarifa anayehusika na udhibiti ofisini kwenu, kwa maandishi, ili naye apeleke kwa mamlaka.

Bosi akikuagiza uandike jina jingine la bidhaa kwenye ankara, kataa, tena kwa barua pepe. Kutumwa ni utetezi dhaifu, na saini iliyopo pale chini ni yako.

Kuhusu makaratasi, mkataba unataka ankara na hati za mizigo zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 2, na sheria ya nchi yako inaweza kudai zaidi, kwa hiyo isome. Mimi sizitupi hata muda huo ukipita. Upelelezi huchukua muda, na mpelelezi akija atauliza uliuza nini, kwa nani, na ulimuuliza maswali gani kabla ya kumkabidhi mzigo.