Kabla hujasuka hereni, ujue waya wako ni madini gani

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya waya na shanga hapa Mwanza, mkifika dukani mnauliza bei na unene basi. Ulizeni na madini. Pete iliyokamilika inaweza kugongwa mhuri wa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Waya haugongwi mhuri. Ushahidi wake ni lebo ya kwenye koili, na ukishakatiwa mita mbili ukafungiwa kwenye gazeti, lebo imebaki dukani. Halafu muuzaji akikwambia "hii silva", mara nyingi anakutajia rangi tu.

Anza na koleo na tupa. Kata ncha, uangalie katikati. Kuna waya wa umeme unaong'aa wekundu kumbe ni alumini iliyovishwa shaba: ukiukata unaona kiini cheupe, na mkononi ni mwepesi mno. Sumaku nayo isikose kwenye begi. Ikinasa, ndani kuna chuma, hata kama nje pamechovywa dhahabu. Isiponasa usishangilie, kwa sababu shaba, alumini, fedha na dhahabu zote hazinasi. Hata ile aloi nyeupe ya shaba, nikeli na zinki, inayouzwa sana kwa sura ya fedha, nayo hainasi.

Hiyo aloi ndiyo inayowasumbua wengi, maana ikishang'arishwa macho hayaitofautishi na fedha. Tafuta mizani ndogo ya kidijitali na glasi ya maji. Pima koili ikiwa kavu, andika uzito. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza koili kwa uzi izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Itikise mapovu yatoke. Gramu utakazosoma hapo ndizo ujazo wa waya kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo. Koili ya gramu 52 ikisoma 5 ndani ya maji, jibu ni 10.4, na fedha ya 925 iko hapohapo. Ikisoma 6, jibu ni kama 8.7. Hiyo si fedha, hata muuzaji aape kwa mababu zake. Shaba tupu ni 8.96, alumini 2.7. Pima koili nzima, kwa sababu kipande cha kidole kimoja mizani hizi haziwezi kukisoma sawasawa.

Mteja wa mkufu anaweza kuvumilia. Wa hereni hawezi. Nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio wa ngozi: sikio linawasha, linatoa majimaji, na mtu akishaupata mzio huo huwa hauondoki. Ule ukijani unaoachwa na bangili ya shaba mtu akitoka jasho ni jambo jingine kabisa, unaoshwa kwa sabuni ukaisha. Kwa hiyo shaba suka utakavyo, lakini kulabu za kupita sikioni weka fedha ya 925 au titani. Mimi hapo sibanii hela.

Waya wa shaba unaopatikana kwa mafundi wa kusuka mota ni wa bei nzuri na ni laini, ila umepakwa vanishi. Msiichome ndani, moshi wake ni mbaya. Ikwangueni kwa msasa. Waya uliochovywa zinki, ule wa uzio, msiupitishe kwenye moto kabisa: mvuke wa zinki humpa mtu homa na kutetemeka usiku huohuo.

Ukipata oda kubwa ya fedha au ya dhahabu, peleka kipande kwa sonara mwenye mashine ya miale inayotambua madini. Kipige tupa kwanza mbele yake, maana mashine hiyo inasoma ngozi ya juu tu na kitu kilichochovywa vizuri kinaipita. Tindikali ya kupimia madini waachie masonara wenyewe. Na kila koili ikishapimwa, ifunge kikaratasi: madini, unene, ilikonunuliwa. Usipojua andika "haijulikani" na uitumie kufanyia mazoezi ya mikunjo.