Swali la Lugha: Thurea, Risasi na Nembo

Msomaji wetu mwenye duka la vitu vya kale Hurumzi, Unguja, ameandika kibandiko kisemacho "Chandelia kuukuu ya kioo cha risasi yenye ngao", naye anauliza kama maneno hayo yanaifaa taa yake, ambayo ina matawi yenye balbu, vipande vya vioo vya rangi vilivyoshikanishwa kwa mistari ya madini, na picha ya simba ndani ya ngao iliyowekewa kofia ya vita juu yake.

"Chandelia" haina haja, kwani tunalo neno thurea, lililotoka katika Kiarabu, ambako ni jina pia la zile nyota tuziitazo Kilimia. Lau taa ingekuwa na balbu moja tu, kandili lingetosha. "Kuukuu" nalo humpa mnunuzi picha ya kitu kilichochakaa (na muuzaji gani atakaye hilo?), hivyo afadhali "ya kale".

Palipo na tatizo hasa ni "kioo cha risasi". Wengi wakisikia risasi hufikiri bunduki kabla ya madini, na mteja anaweza kudhani kioo hicho kilitengenezwa kuzuia risasi. Zaidi ya hayo, yapo mambo mawili tofauti: risasi huweza kuchanganywa ndani ya kioo chenyewe kinapoyeyushwa, kikawa kizito na chenye kumetameta, ufundi ambao George Ravenscroft aliupatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1674, au huweza kufanywa vijiti laini vyenye mifereji, vipande vya vioo vikapachikwa humo na maungio yakatiwa lehemu. Taa uliyoieleza ni ya aina hii ya pili, basi sema "vioo vilivyoungwa kwa risasi".

Ngao ni sehemu tu. Katika nembo yetu ya Taifa, ile Bibi na Bwana, ngao imo katikati, na nje yake wapo watu wawili, pembe za ndovu na hata mkarafuu. Vyote kwa pamoja ndivyo nembo. Kwa kuwa simba na kofia hiyo ni desturi ya koo za Ulaya, "nembo ya ukoo" inafaa zaidi.

Kwa hiyo andika: "Thurea ya kale ya vioo vilivyoungwa kwa risasi, yenye nembo ya ukoo." Ukiandika "vyenye" badala ya "yenye", utakuwa umesema kwamba nembo imo katika kila kioo.