Bunduki Ikikupiga Teke, Anza na Kitako

Wanaotoka uwanja wa shabaha wakisugua bega huuliza kwanza risasi nyepesi zinauzwa wapi. Hilo ni swali la pili.

Tazama hesabu. Risasi ya .308 Winchester yenye uzito wa gramu 9.7, ikitoka mtutuni kwa mita 860 kwa sekunde, huirudisha bunduki ya kilo 3.4 begani kwa nishati ya jouli 21 hivi. Bunduki hiyo ikifika kilo 4.5, nishati inashuka hadi 16. Ile ya .22 LR, risasi ndogo kabisa, haifiki hata jouli moja. Kwa anayetaka kutoboa karatasi mita 50 Jumamosi asubuhi, .22 inatosha kabisa, na wanaoicheka wengi wao hawaipigi vizuri.

Ukishikilia .308, pima kitako, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki inayokaa begani. Kunja kiwiko pembe mraba, weka kitako kwenye mkunjo wake. Kidole kifike kwenye triga bila kunyooshwa. Kitako kikiwa kirefu, kinatelezea kwenye msuli wa mkono, na hapo ndipo alama za bluu hutokea. Raba ya milimita 25 nyuma ya kitako husaidia sana, ila huongeza urefu huohuo, kwa hiyo fundi bunduki akate mbao kwanza. Darubini ikae sentimita 8 hadi 10 kutoka jichoni. Ikiwa karibu zaidi, itakupasua nyusi.

Ukipiga ukiwa umekaa mezani, teke huuma kuliko ukiwa wima, kwa sababu mwili ulioinamia meza hauna pa kurudi. Inua mfuko wa mchanga unaobeba bunduki mpaka ukae umenyooka, kisha vuta kitako kikaze begani. Kukiachia nafasi ili kisikuumize ni kukipa mbio za kuja kukugonga.

Kosa gumu zaidi ni kushtuka kabla ya mlio. Mwenzako akuchanganyie risasi za mazoezi zisizo na baruti bila wewe kujua ipi ni ipi, mtutu ukielekea shabaha muda wote. Mtutu ukizama bila mlio, tatizo ni wewe. Rudi kwenye .22. Na .308 ishirini kwa siku zinatosha. Bega likichoka unajifundisha kosa.

Sasa risasi nyepesi. Kiwanda cha Hornady hutengeneza aina iitwayo Custom Lite. Kwa kuwa kasi yake ni ndogo, hugonga mahali tofauti na risasi ya kawaida, hivyo rekebisha darubini upya na usichanganye aina mbili siku moja. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, ukikumbuka kwamba cheti chako kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Video za ng'ambo za watu wakijaza baruti kwenye maganda ya risasi sebuleni ziache hukohuko.

Kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu hupunguza teke kweli, lakini hutupa mlio pembeni, kwa jirani yako wa mstari. Ukikifunga, vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake, na umwambie jirani avae pia.