Wizadi anataka kuponya: maswali ya wasomaji

Barua nyingi safari hii zinahusu jambo moja la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu: mhusika wa klasi moja (yaani aina ya mhusika, kama wizadi msomi wa uchawi au kleriki mtu wa dini) kutaka speli, yaani matendo ya kichawi, za klasi nyingine. Nimechagua sita.

Kaka, wizadi wangu yuko levo ya 5 na dhahabu tunayo ya kutosha. Anaweza kunakili Cure Wounds, speli ya kuponya majeraha, kutoka kwa kleriki wetu? Gharama ni zilezile? (Kimara)

Hapana. Zile saa mbili na vipande 50 vya dhahabu kwa kila levo ya speli ni za speli zilizomo kwenye orodha ya wizadi, na Cure Wounds haimo. Tena kleriki hana kitabu cha speli. Yeye anaomba, anapewa. Hakuna cha kunakili.

Najua mwendeshaji wako, yule anayeongoza mchezo, anaweza kuruhusu, meza ni yake. Mimi niliwahi kuruhusu na mpaka leo najuta. Tulikuwa tunacheza Sinza kila Jumamosi, na kleriki wetu alikuwa binti aliyepanda daladala mbili kutoka Mbagala. Karatasi ya mhusika wake aliiandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, hadi pale penye pointi za uhai pakatoboka. Nikamruhusu wizadi aponye. Jumamosi iliyofuata, kwa saa nne nzima, yule binti alirusha dadu mara mbili. Kila aliyeumia, wizadi alishamfikia. Nikamwona anaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mkobani, chai bado iko mezani. Hakurudi tena. Hakuna aliyemkosea adabu. Tulimnyang'anya kazi yake, basi. Kwa hiyo kabla hujaniuliza habari za dhahabu, muulize kleriki wenu kama yuko radhi.

Mpiganaji wangu ameokota hati yenye speli ya druidi, yule mchawi wa msituni. Anaweza kuisoma? (Tabata)

Hapana. Kama speli haimo kwenye orodha ya klasi yako, hati yake huielewi. Swali hili naletewa kila mara, na jibu limo kwenye maelezo ya hati yenyewe kitabuni. Jamani, someni kwanza.

Bardi wangu, mwanamuziki mwenye speli, kafika levo ya 10. Nichukue speli zipi mbili za klasi nyingine? Mwenzangu ananishauri Swift Quiver, speli ya mishale. (Kigamboni)

Hukusema mnatumia kitabu kipi cha kanuni, na bila hilo ushauri wa mwenzako hauna mguu wa kusimamia. Kwa kitabu cha 2014, bardi wa levo hiyo anachagua speli mbili kutoka klasi yoyote. Kile cha 2024 kimebana: anachagua kutoka orodha za bardi, kleriki, druidi na wizadi peke yake. Swift Quiver ni ya ranja, yule mwindaji wa porini, kwa hiyo imetoka.

Na ilistahili kutoka. Ranja mwenyewe anaisubiri hadi levo ya 17, bardi alikuwa anaitwaa levo saba kabla yake! Kama mna ranja mezani, iacheni hata kama kitabu chenu cha 2014 kinaruhusu. Tazama kundi lina pengo gani. Kama hamna kleriki, chukua Revivify: mwenzenu aliyekufa hata dakika haijapita anarudi, mkiwa na almasi ya thamani ya vipande 300. Speli kama hiyo haimpokonyi mtu kitu, na siku ya msiba kundi zima litakushukuru.

Halafu msichanganye vitabu viwili katikati ya kampeni. Nimeona meza mbili zikivunjika kwa ugomvi wa namna hiyo.

Ni kweli kleriki wa tawi la Life, lile la uponyaji, akipata Goodberry ya druidi, speli ya matunda ya kuponya, anaponya pointi 40 kwa speli moja ya levo ya 1? (Ubungo)

Kwa kanuni za 2014, kweli: matunda 10, kila moja linatoa pointi 4 badala ya 1. Za 2024 zimeziba njia hiyo, kwa sababu nyongeza ya kleriki inahesabika kwenye zamu aliyotumia speli tu, na matunda mengi huliwa baadaye. Hapo nawaunga mkono waandishi wa kanuni.

Kijana wangu wa kidato cha pili anashinda na vitabu vya mchezo wa wachawi. Niogope? (Mama, Temeke)

Shikamoo mama. Usiogope. Marekani nako, miaka ya 1980, wazazi wengi walikuwa na hofu hiyohiyo. Kinachotisha ni neno. Kwetu mchawi ni mtu wa kumdhuru jirani, ndiyo maana mezani tunasema wizadi. Huyo ni msomi wa kubuni ndani ya hadithi, na speli yake ni dadu, kujumlisha na kutoa. Kijana wako anakaa na wenzake ana kwa ana, anasoma, anapiga hesabu. Keti naye Jumamosi moja, mwombe akuonyeshe karatasi yake.

Mimi ni mwendeshaji. Mchezaji wa paladini, yule askari wa imani, anataka speli moja tu ya druidi, kwa sababu ya hadithi yake. Nimkatalie? (Mbezi)

Usimkatalie. Kipaji cha Magic Initiate kipo kwa ajili ya watu kama yeye: kantripu mbili (speli ndogo za kutumia bila kikomo) na speli moja ya levo ya 1, anayoitumia mara moja bure kati ya pumziko refu moja na jingine. Kinatosha. Anayetaka zaidi ya hapo achukue levo za druidi zenyewe.

Ila mafunzo yaonekane mchezoni. Kwenye meza yangu paladini alitaka Speak with Animals ili azungumze na farasi wake. Tulikuwa na druidi, nikamuuliza, akakubali. Basi nikampa yeye amcheze yule mzee wa msituni aliyemfundisha, na yeye ndiye aliyeamua siku ambayo mwanafunzi amefaulu.