Nyama ile nililipia mwenyewe

Shangazi shikamoo, na nyote mlioko Moshi, habari za huko. Nimefikishiwa maneno yaliyosemwa baada ya kuonekana picha yangu nimeketi mbele ya sinia la nyama hapa Houston, Marekani. Kwamba huku nakula kuku kwa mrija, na mtu anayekula vile hashindwi kutuma laki tano za bati. Yameniuma, na ninajibu bila kuzunguka.

Nyama ile niliinunua kwa hela yangu, siku yangu ya mapumziko, na ilikuwa tamu. Siombi radhi. Ni kidari cha ng'ombe, kimepakwa chumvi na pilipili manga, kikalazwa kwenye tanuri la moshi wa kuni za mwaloni, mbali na moto, kwa muda wa saa 12 au zaidi. Kikitoka kina gamba jeusi, chini ya gamba kuna utepe wa waridi, na kipande ukikishika kwa vidole viwili kinajikunja bila kukatika. Kinauzwa kwa uzito, sehemu nyingi karibu dola 30 kwa ratili, na ratili haifiki nusu kilo. Nilichukua nusu ratili, bamia za kukaanga, makaroni ya jibini na mkate wa mahindi. Pamoja na bakshishi nililipa dola 38, karibu laki moja ya kwetu. Ndiyo, laki. Najua laki ni nini hapo nyumbani, hamna haja ya kunikumbusha.

Sasa hiyo bakshishi muielewe vizuri, maana ndiyo inayoniweka mjini. Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa mwingine, wa vyakula hivyo hivyo. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, hakijapanda tangu 1991, na jimbo letu hili la Texas wanakifuata hicho. Bakshishi zisipotosha, sheria inamtaka mwajiri aongezee mpaka ifike dola 7.25, nayo ni ya tangu 2009. Jumamosi watu wakijaa napata vizuri, siwafichi. Lakini ije Jumanne ya mvua: unabeba masinia, unatabasamu, mteja anakwambia mbele ya watoto wake kwamba hasikii unachosema, aletewe mtu mwingine. Kisha meza nzima inaondoka, imeacha dola moja imelowa chini ya glasi ya chai ya barafu. Naichukua. Naikausha, naiweka mfukoni, nafuta meza.

Kazi yenyewe siionei haya. Kinachonichoma ni kuhesabiwa tonge na watu wangu.

Na chakula hiki kinanivuta kwa sababu. Bamia na kunde zilifika huku na watu waliochukuliwa Afrika utumwani. Majani wanayochemsha taratibu na mifupa ya kitimoto ni sukuma wiki kabisa. Tarehe 19 Juni 1865 ndipo watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru pale Galveston, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa, na hadi leo siku hiyo watu weusi wa mji huu wanachoma nyama na kunywa vinywaji vyekundu. Mzee anayechoma kazini kwetu alinikaribisha kwake. Nilikula mpaka nikalegea, na hakuna aliyeniuliza natuma kiasi gani nyumbani.

Shangazi, hilo la mwisho usilichukulie vibaya. Wewe ndiye uliyenilea, na ada ya wadogo zangu inatoka kabla sijalipa kodi ya nyumba. Itaendelea kutoka. Tangu Januari 2026 ukienda kutuma hela kwa noti mkononi unakatwa kodi ya asilimia 1, na mimi mezani napata noti, kwa hiyo naziweka benki kwanza ndipo natuma. Hela ikichelewa siku mbili, hiyo ni sababu mojawapo. Msinipigie asubuhi yenu, huku ni usiku wa manane na nimetoka kusimama tangu mchana.

Huyo kijana wa mjomba anayetaka kuja, aje. Nitampokea, atalala kwangu. Ila kihamba, shamba letu la ukoo, kisiuzwe kwa ajili yake, na yeyote anayemshauri kiuzwe ampe cha kwake. Akija kwa viza ya masomo asidanganywe kwamba atafanya kazi popote. Mgahawa wa mjini hauruhusiwi kwa viza ile. Ajue kuendesha gari, Houston bila gari unakwama. Asome uuguzi. Tena kama ana kazi ya maana hapo Moshi, abaki nayo, atulie, aoe. Lakini mimi kama ningeambiwa hayo kabla sijaondoka ningeondoka tu, kwa hiyo namwachia aamue, na akiamua anipigie mimi kabla hajamlipa wakala hata senti.

Bati zingojeni mpaka Machi. Niandikieni idadi, geji na bei ya dukani, pamoja na namba ya mwenye duka. Hela nitamtumia yeye.