Fundi cherehani anayetaka kuvalisha waigizaji

Mdogo wangu, umesema unashona Mwanjelwa, Mbeya, unataka kuvalisha waigizaji wa filamu, ila kuhamia Dar kunakutisha. Usihame kwanza. Kushona unakujua, kilichobaki ni kusoma skripti. Igawe kwa siku za hadithi, maana onyesho la 3 na la 40 huweza kuwa siku ileile, na shati lazima liwe lilelile, kifungo kilekile wazi. Mpige picha kila mwigizaji anapomaliza onyesho. Penye damu au tope, andaa nguo mbili tatu zinazofanana (kwenye mitumba hapo ndipo utakapotoka jasho). Mkulima wa viazi wa Uyole asivae shati jeupe jipya: lichovye chai ya rangi, sugua kola kwa msasa. Malipo ya mwanzo? Nauli na ubwabwa, tusidanganyane.